Kisasi Kisicho na Staringi: Filamu ya Kokuhaku na Mapokezi Yake Witeithie

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wa Afrika Mashariki wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi, na kuwaachia wataalamu wa mawasiliano suala la filamu. Mgawanyo huu una sababu zake za kitaasisi, lakini hauafikiani na hali ya hadhira yetu. Kijana wa Witeithie, Juja au Ruiru ambaye hajafungua riwaya tangu amalize kidato cha nne yamkini ametazama visa vingi vya kisasi katika kibanda cha video, au katika televisheni ya jirani. Hapo ndipo alipojifunza nani ni shujaa, nani ni adui na mwisho mwema ni upi. Mhakiki anayedai kuchunguza jinsi jamii inavyojisimulia hana budi kufika huko.

Makala haya yanachunguza filamu moja ya Kijapani, Kokuhaku, yaani "Maungamo", iliyoongozwa na Nakashima Tetsuya na kutolewa mwaka 2010. Ilitokana na riwaya ya Minato Kanae yenye jina lilo hilo, iliyochapishwa mwaka 2008, na mwaka 2011 ilipata tuzo ya filamu bora ya mwaka katika Tuzo za Akademia ya Japani. Nje ya Japani hujulikana kwa jina la Confessions. Hoja ya makala ni kwamba filamu hii imejengwa ili kumnyima mtazamaji ile raha ya kisasi ambayo jalada la santuri humwahidi, na kwamba mvutano huu baina ya kazi yenyewe na namna inavyomfikia mtazamaji ni sehemu ya maana yake. Ili kuthibitisha hoja hiyo tutaangalia kwanza santuri kama bidhaa, kisha muundo wa usimulizi, halafu masuala mawili yanayotugusa kwa karibu: damu ndani ya maziwa, na mtoto mbele ya sheria.

Mwandishi aliitazama filamu hii mara ya kwanza mjini Witeithie, sebuleni kwa mwalimu mwenzake, pamoja na majirani kadhaa. Santuri ilikuwa nakala iliyonunuliwa mtaani, na maneno ya Kijapani yalifasiriwa kwa Kiingereza katika maandishi ya chini ya picha. Kwa kuwa si wote waliofuata Kiingereza kwa kasi ile, mwenyeji aliyasoma maandishi hayo kwa sauti akiyageuza kuwa Kiswahili. Dakika chache baada ya filamu kuanza, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa ameketi sakafuni aliuliza, "Mwalimu, staringi ni nani?" Hakujibiwa. Damu ilipotajwa mwenyeji alimtuma dukani, na aliporudi hakumruhusu kuingia tena. Swali lake, hata hivyo, lilibaki nasi hadi mwisho, na ndilo linaloongoza uhakiki huu.

Santuri na jalada lake

Neno "staringi" si la mzaha. Katika vibanda vya video vya Kenya na Tanzania ni istilahi kamili ya uhakiki, iliyobuniwa na watazamaji wenyewe. Staringi ni mhusika ambaye hadhira imemkabidhi matumaini yake, na kanuni yake kuu inajulikana na kila mtoto: staringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa na kunyang'anywa jamaa zake wote, lakini mateso hayo ni deni ambalo adui atalilipa kabla ya picha kwisha. Msimulizi wa kibanda huilinda kanuni hii. Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala wa Tanzania, na DJ Afro wa Kenya, walipata umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za asili, kila mmoja kwa lahaja na utani wa kwao. Msimulizi wa namna hii hamtafsirii mtazamaji maneno peke yake. Humwelekeza pia amshangilie nani.

Inafaa kukumbuka kwamba sanaa hii haikuzaliwa kwetu pekee. Japani yenyewe, enzi za filamu bubu, ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakiwatolea wahusika sauti na kuieleza hadhira maana ya kinachoonekana. Majina yao yalivuta watu ukumbini sawa na majina ya waigizaji, na kazi hiyo ilififia filamu za sauti zilipoenea katika miaka ya 1930. Kwa hiyo filamu ya Kijapani inayosomwa kwa sauti katika sebule ya Witeithie haijapotoshwa kwa sababu tu ina msimulizi. Imerudi kwenye desturi ambayo wazee wa sanaa hiyo waliifahamu.

Upotoshaji, kama upo, hutokea mapema zaidi, kwenye biashara. Filamu kali za Asia ya Mashariki zilienea Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa kampuni ya Uingereza iliyoitwa Tartan. Kampuni hiyo iliziuza kanda na santuri zake chini ya nembo ya Asia Extreme. Chini ya nembo hiyo moja ziliwekwa Audition ya Miike Takashi (1999), Battle Royale ya Fukasaku Kinji (2000) na filamu za kisasi za Mkorea Park Chan-wook. Kazi zenye shabaha tofauti ziligeuzwa kuwa jamaa moja, na jina la ukoo lilikuwa "kupindukia". Tartan ilianguka mwaka 2008, lakini mazoea iliyoyajenga hayakuanguka nayo. Kokuhaku ilipotolewa kwa santuri nchini Uingereza mwaka 2011 na kampuni nyingine, Third Window Films, ilikuta mnunuzi aliyekwisha kufundishwa kutarajia damu kila aonapo jina la Kijapani likiambatana na neno kisasi.

Nakala iliyofika Witeithie ilikuwa imepita mikono mingine zaidi. Jalada lake lilionyesha uso wa mwanamke na matone mekundu, pamoja na picha ya upanga ambao haumo kabisa katika filamu. Japani iliipa filamu hii daraja la R15+, maana yake asiyefikisha miaka 15 asiingie ukumbini. Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, huitaka filamu ipimwe na kupewa daraja kabla ya kusambazwa au kuonyeshwa hadharani. Katika nakala ile hapakuwa na alama ya Japani wala ya Kenya. Kilichosalia ni ahadi ya upanga. Hivyo mvulana wa miaka 13 aliketi mbele ya filamu inayohusu wavulana wa miaka 13, ambayo wenzake wa Tokyo hawakuruhusiwa kuitazama, akisubiri staringi atokee.

Muundo wa maungamo

Kisa chenyewe chaweza kuelezwa kwa ufupi. Siku ya mwisho ya muhula, mwalimu Moriguchi Yuko, aliyeigizwa na Matsu Takako, anawaaga wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza wa shule ya kati. Binti yake mdogo, Manami, alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea la shule, na polisi wakasema ni ajali. Mwalimu anasema si ajali. Waliomwua wamo darasani. Anawaita A na B, lakini maelezo yake yanawafanya wenzao wawatambue mara moja. Hataki kuwapeleka polisi, kwa sababu sheria haiwezi kuwaadhibu. Badala yake anawaambia kwamba maziwa waliyokunywa muda mfupi uliopita alikuwa ameyatia damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI.

Sehemu hiyo ya kwanza huchukua takriban nusu saa, na karibu yote ni hotuba ya mtu mmoja. Sauti haipandi. Wanafunzi wanapiga kelele, wanarushiana vitu, wanatumiana ujumbe kwa simu. Mwalimu anaendelea kusema kwa utulivu hadi kelele zinakufa zenyewe. Kwa msanii wa filamu huu ni uthubutu, kwa kuwa kisasi ambacho filamu nyingine hukiweka mwishoni kimetimizwa kabla ya robo tatu za kisa kusimuliwa. Mtazamaji aliyezoea deni na malipo hujikuta amelipwa mapema, na hajui kinachobaki ni nini.

Kinachobaki ni maungamo mengine. Baada ya mwalimu, kisa hurudiwa kwa nafsi ya kwanza na msichana kiongozi wa darasa, na mama wa mwanafunzi B, na B mwenyewe, na mwanafunzi A, kabla ya kurejea kwa mwalimu. Mbinu rejeshi inatumika kila mara, lakini haiturudishi kwenye ukweli mmoja ulio thabiti. Kila mwungamaji huongeza jambo ambalo mwenzake hakulijua, na huficha jambo linalomhusu mwenyewe. Tunajifunza kwamba A, Watanabe Shuya, alitengeneza kijaluba chenye umeme kwa shabaha ya kumfanya mama yake mwanasayansi, aliyemwacha, asikie jina lake. Tunajifunza pia kwamba mtoto hakufa kwa umeme huo. Alizimia tu, na B, Shimomura Naoki, akamtupa majini akijua yu hai, ili afaulu katika jambo moja ambalo mwenzake aliyemdharau alishindwa.

Umuhimu wa muundo huu ni kwamba kila anayezungumza anajiona mdhulumiwa. Shuya ameachwa na mama, Naoki amedharauliwa na rafiki, mama wa Naoki anaona mwanawe ameharibiwa na walimu, na darasa zima linajiona lina haki ya kumtesa Shuya kwa niaba ya mtoto aliyekufa. Wanafunzi hao hata huwekeana alama kwa kila tendo la kumdhalilisha. Katika mfumo wa staringi, udhulumiwa ni cheo cha mtu mmoja, na ndicho kinachompa idhini ya kuua. Nakashima amekigawa cheo hicho kwa kila mhusika mpaka kimepoteza thamani. Ndiyo sababu swali la mvulana wa Witeithie halikuwa na jibu: kila mmoja katika filamu ile anadhani staringi ni yeye.

Tofauti hii hudhihirika zaidi tukiilinganisha na kazi tunazozifahamu. Katika Kikosi cha Kisasi cha A. E. Musiba, kisasi kina kibali cha umma. Willy Gamba anapiga kwa niaba ya Afrika inayojikomboa, naye ataishi hadi riwaya ifuatayo. Katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Julius Nyerere mwaka 1969, Shailoki anakipeleka kisasi mahakamani, na ni sheria yenyewe inayokizuia kisu chake. Kazi ya kwanza inatupa mlipizaji anayestahili, na ya pili inatupa hakimu. Kokuhaku haina hata mmoja wao. Ina mwalimu aliyekwisha kuacha kazi, na darasa lililosikia somo lake vizuri kupita kiasi.

Maziwa na damu

Kwa msomaji wa Kenya, taswira ya watoto wakinywa maziwa darasani ina uzito wa pekee. Kizazi kilichosoma shule za msingi baada ya mwaka 1979 kinakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa bila malipo wakati wa utawala wa Rais Moi. Yalikuwa ishara ya serikali kama mzazi: mtoto alipokea pakiti na kunywa bila kuuliza. Msanii wa Kijapani hakutufikiria sisi, lakini ameshika jazanda tunayoielewa kwa mwili. Kutia sumu katika maziwa ya shule ni kuvunja amana ya awali kabisa baina ya mkubwa na mtoto. Sebuleni mle, maandishi hayo yaliposomwa, mama mmoja aliyekuwa kimya alisema tu, "Mwalimu?" Hakuongeza neno. Mshangao wake ulikuwa uhakiki tosha.

Hapa pia ndipo filamu inapostahili kulaumiwa, na lawama hiyo twaweza kuitoa sisi kuliko wahakiki wa London. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa chakula wala kinywaji. Filamu yenyewe inalijua jambo hili: Shuya anapimwa na kukutwa hana virusi. Anayeangamia ni Naoki, ambaye hakuambukizwa na chochote ila imani ya kwamba ameambukizwa. Anajifungia chumbani, anakataa kuoga, anaogopa asiwadhuru wa nyumbani, na mwisho anamwua mama yake baada ya mama huyo kujaribu kumwua. Sumu iliyofanya kazi ni hofu. Kwa kipimo hicho, filamu imesema kweli kuhusu unyanyapaa ambao Wakenya wengi waliushuhudia katika miaka ya 1990, pale ambapo sahani na kikombe cha mgonjwa vilitengwa na jamaa zake mwenyewe.

Lakini katika orodha ndefu ya waungamaji mtu mmoja hayumo. Mwenye damu ile, mwalimu Sakuranomiya, baba wa Manami, hapewi ungamo lake. Damu yake imegeuzwa silaha, naye amebaki jina katika hotuba za wengine. Linganisha na Confessions of an AIDS Victim ya Carolyne Adalla, riwaya fupi ya Kenya ya mwaka 1993. Humo Catherine Njeri, mwenye virusi, ndiye anayeandika barua, na kuungama kwake ni njia ya kumwonya mwenzake na kuirudisha nafsi yake katika jamii. Adalla si fundi wa muundo kama Nakashima, na riwaya yake ina mahubiri mengi. Hata hivyo amelielewa jambo ambalo filamu imelikosa, yaani kwamba mgonjwa ni nafsi inayosema. Jamii ambayo iliweka katika sheria ya mwaka 2006 kifungu cha 24 cha kuwaadhibu wenye virusi, kisha ikaona Mahakama Kuu ikikibatilisha kifungu hicho mwaka 2015, ina sababu ya kuushtukia usimulizi unaomfanya mwenye virusi kuwa chombo cha kisasi cha mtu mwingine.

Mtoto mbele ya sheria

Kisa chote kinasimama juu ya umri. Japani ilirekebisha sheria yake ya watoto mwaka 2000 na kuruhusu watoto wa miaka 14 washtakiwe kwa jinai, pale ambapo awali ilikuwa 16. Chini ya 14 hakuna adhabu ya jinai. Wauaji wa Manami wana miaka 13. Mwalimu hajashindwa na sheria kwa kukosa ushahidi. Ameshindwa kwa sababu sheria imeamua kumtazama mwuaji kama mtoto.

Kenya nayo imelipitia suala hili. Kwa miaka mingi umri wa kuwajibika kijinai ulikuwa miaka 8. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliupandisha hadi 12, na ikasema kwamba mwenye zaidi ya miaka 12 lakini hajafika 14 achukuliwe kuwa hawezi kupambanua mema na mabaya, isipokuwa mahakama iridhike kwa ushahidi kwamba anaweza. Shuya na Naoki wangeangukia papo hapo. Mtazamaji wa Witeithie anayedhani anatazama jambo la Wajapani anatazama, kwa kweli, swali ambalo bunge lake limelijibu juzi.

Jina la mji wenyewe linaingia katika mjadala huu. Kwa Kikuyu, wĩteithie ni kumwambia mtu ajisaidie mwenyewe. Ni wito wa heshima, wa watu walioamua kutosubiri kusaidiwa. Lakini wito huo una upande wake wa giza, nao haujulikani Witeithie tu bali nchini kote: pale umati unapomshika anayedhaniwa mwizi na kujisaidia kwa mawe, mafuta ya taa na tairi. Katika saa hiyo kila aliye katika mduara anajiona staringi. Hakuna ambaye ameua, kwa kuwa wote wameua. Darasa la Moriguchi linalompa Shuya mateso kwa alama ni umati wa aina hiyo hiyo, uliovaa sare safi na kuimbiwa nyimbo nzuri. Mwongozaji ameupamba ukatili kwa picha za polepole, mawingu na muziki, na wengine wamesema urembo huo ni kosa. Tunaona kinyume chake. Urembo huo ndio mtego: mtazamaji anapofurahia, filamu inakuwa imemwandikisha katika darasa lile.

Mwisho unafunga mtego huo. Shuya ametega bomu katika sherehe ya shule. Mwalimu amelihamishia, kwa maneno yake, mahali anapofanya kazi mama wa Shuya, na mtoto ameulipua kwa mkono wake upendo pekee aliotamani. Mwalimu anamshika kichwa, analia, anamwambia kwamba sasa ndipo kurekebika kwake kunapoanza, kisha anatamka neno dogo la Kijapani ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama "natania". Hatujui lipi lilikuwa utani: bomu, machozi, au urekebishaji. Mama mwenye hasara amepata kila alichokitaka, na uso wake hauna amani yoyote. Sebuleni hakuna aliyepiga makofi. Yule mama aliyeshangaa mwanzoni aliuliza kama mtoto aliyezama alizikwa wapi. Filamu haielezi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kokuhaku huvaa vazi la filamu ya kisasi ili kukivua nguo kisasi chenyewe, na kwamba safari yake kama santuri, kutoka nembo ya "kupindukia" hadi jalada lenye upanga usiokuwepo, huelekea kumrudishia mtazamaji ile ahadi ambayo msanii ameikataa. Ubora wake uko katika muundo wa maungamo. Upungufu wake mkubwa uko katika kumnyima ulimi mtu ambaye damu yake ndiyo imekiendesha kisa.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, idara zetu hazina sababu ya kuendelea kuiacha filamu ya kigeni nje ya mtaala ilhali inasimuliwa kwa Kiswahili kila siku. Msimulizi wa kibanda ni mfasiri na mhakiki, na kazi yake inastahili kuchunguzwa kwa vipimo hivyo. Pili, kazi kama hii inahitaji tafsiri ya Kiswahili iliyoandikwa kwa makini, yenye kulinda tofauti baina ya sauti ya mwungamaji mmoja na mwingine, kwa sababu tafsiri inayochagua staringi itakuwa imeandika filamu nyingine.

Ama yule mvulana aliyetumwa dukani, alimwuliza mwenyeji wetu kesho yake nani alishinda. Mwalimu alimjibu kwamba atamweleza akifika miaka 15. Ni jibu halali kwa mujibu wa daraja la Japani. Lakini mtoto huyo ataendelea kutazama visa vya kisasi katika miaka miwili iliyobaki, na yapasa pawe na mtu wa kumwambia mapema kwamba katika baadhi yake swali la nani alishinda halina jibu.